Kilimatinde: Mtaa Ulioachwa na Reli

Wiki hii, ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, tutoke Singida mjini, tupite Manyoni, tufike Kilimatinde. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya misheni. Wachache wanakumbuka kwamba njia ipitayo hapo iliwahi kuwa barabara kuu kutoka pwani hadi maziwa makuu.

Msafara uliotoka Bagamoyo ulikatiza Ugogo, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Juu yake ndipo Kilimatinde. Mbele ulingoja Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa lenye maji haba. Basi ukingoni huku watu walinunua nafaka, wakajaza vibuyu, wakalipa hongo kwa watemi wa Kigogo. Enzi hizo hongo haikuwa jambo la kufanyia gizani. Ulikuwa ushuru wa maji na njia. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857. Waliondoka pwani Juni, wakafika Tabora Novemba.

Nyumba za wenyeji zilikuwa tembe: ndefu, fupi kwa kimo, paa la udongo juu ya magogo, ua wa mifugo katikati. Katika miaka ya 1890 Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi, na boma likasimama juu ya tembe hizo. Palipo na askari pana mshahara, na penye mshahara duka halichelewi.

Kilichoiondolea Kilimatinde ukuu si vita, ni reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, lakini haikupitia hapa. Ilipanda ukuta kwa upande wa kaskazini, kupitia Saranda na Manyoni. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 70. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Serikali ya Waingereza nayo ikafanya Manyoni kuwa makao ya wilaya. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakajengewa mazoea ya kukaa kwa mistari kando ya barabara, na tembe zikaanza kupisha tofali na bati.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO orodha ya mapendekezo yenye Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, na Kilimatinde imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Nafurahi, ila jina hilo linanikera kidogo. Watumwa walipita hapa, tena kwa mateso, na lazima tuseme. Lakini wapagazi wengi walikuwa watu huru, Wanyamwezi hasa, waliopatana ujira kabla ya kubeba. Walikuwa wafanyakazi. Tukiwaita wote watumwa tunawanyang'anya hata mshahara wao.

Tena tunapenda kuhifadhi mawe. Boma la mtawala hudumu bila kuombwa. Tembe lisipokandikwa paa kwa masika machache huanguka lenyewe. Ndiyo maana naomba wenzetu wa mambo ya kale, kabla ya kuandika kibao chochote barabarani pale, wapime na kupiga picha tembe zilizosalia wilayani Manyoni, na wawaulize wazee nani alilala ndani na nani alilala nje kwenye kambi ya wapagazi.