Meli Zilizokuja na Namba

Babu yangu alijua namba kabla ya kujua herufi. Mwaka wa 1960 alikuwa kijana asiye na kazi, akapata kibarua bandarini Kisumu. Kazi yenyewe, alivyonieleza, ilikuwa hivi: mabamba ya chuma yanashushwa kutoka kwenye mabehewa ya reli, kila bamba lina namba yake, na wewe kijana unatumwa kutafuta namba fulani kwenye lundo. Ukiipata, unaita wenzako mnabeba. Ukikosea, fundi anakutukana kwa lugha usiyoijua, lakini maana unaipata.

"Tulikuwa tunashona meli, nyakwara," aliniambia. "Ila kitambaa kilikatwa Uskoti."

Meli hiyo ilikuwa Victoria. Ilijengwa na kampuni ya Yarrow mjini Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari, ikapanda treni hadi Kisumu, halafu ikaunganishwa upya. Mwaka wa 1961 ikaanza kazi. Nilipokuwa mtoto nilidhani mzee anatia chumvi. Nani anajenga meli nzima, anaifungua, halafu anaijenga tena? Nilipokua nikaanza kusoma, nikakuta kwamba babu hakutia chumvi hata punje. Karibu historia yote ya meli kubwa za Kisumu iko hivyo. Na ndani yake kuna swali ambalo bado linatusumbua: nchi ikitaka meli, inanunua nini hasa?

Tuanze na ziwa lenyewe. Nam Lolwe, au Ziwa Victoria ukipenda, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hakuna meli inayoweza kupanda huku kutoka baharini; Nile ina maporomoko yake na haibembelezwi. Kwa hivyo njia ni mbili tu. Unajenga hapa hapa, au unaleta vipande.

Waganda walijenga hapa. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1875, alikuta ufalme wenye mamia ya mitumbwi ya vita. Haikuwa magogo yaliyochimbwa tu. Ilikuwa vyombo virefu vya mbao zilizoshonwa ubao kwa ubao, na mkuu wake alikuwa na cheo chake, Gabunga. Hilo lilikuwa jeshi la wanamaji, bana, hata kama vitabu vyetu vya shule havikuliita hivyo. Mbao zilitoka msituni, mafundi walitoka visiwani, na wapiga makasia walikuwa wamezaliwa majini.

Waingereza walichagua njia ya pili. Meli yao ya kwanza huku, William Mackinnon, iliundwa Paisley, Uskoti, na ikazinduliwa Kisumu mwaka wa 1900. Sasa angalia tarehe vizuri. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Maana yake ni kwamba meli ilifika kabla ya treni. Kuanzia pale reli ilipokuwa imeishia, vipande vilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Kila ukisoma kwamba mtu fulani mwenye cheo "alileta" meli Kisumu, kumbuka kuna shingo za watu zilizoileta kweli, na majina yao hayakupigwa mhuri popote.

Baada ya hapo zikafuata nyingine: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga. Zilikuwa meli za reli, za kubeba pamba, ngozi, abiria na barua. Halafu ikaja Agosti 1914.

Wajerumani walikuwa ng'ambo, Mwanza na Bukoba. Walikuwa na chombo kidogo kilichoitwa Muansa, lakini chombo hicho kilikuwa na mzinga. Kisumu ilikuwa na meli kubwa zaidi na nyingi zaidi, zisizo na silaha. Septemba mwaka huo, Wajerumani walipoingia Kisii, Winifred ilipeleka askari Karungu, ikaikuta Muansa inaisubiri. Winifred ikageuza, ikakimbia. Meli kubwa ilifukuzwa na kidogo chenye meno. Sybil nayo iligonga mwamba upande wa Wajerumani, ikaachwa huko.

Ndipo meli za mizigo zikafungwa mizinga, na Kisumu ikageuka kuwa bandari ya manowari. Juni 1915 msafara uliondoka hapa ukiwa na askari wa King's African Rifles, Wahindi na Waingereza, ukashambulia Bukoba tarehe 22 na 23 na kuharibu mnara wa simu ya upepo. Ukitembea leo karibu na bandari huoni kibao kinachokwambia hayo. Wala hukioni kinachowataja maelfu ya vijana wa Nyanza waliochukuliwa kuwa wabeba mizigo wa vita, wale wa Kariokoo, ambao wengi hawakurudi.

Kwa hivyo somo la kwanza la mwaka wa 1914 ni hili: wingi wa meli si jeshi. Somo la pili nilikuja kuliona miaka hamsini baadaye, na hapa inabidi tutoke ziwani kidogo tushuke Mombasa.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Mwaka wa 1966 boti zake tatu za kwanza za doria, zilizojengwa na Vosper huko Uingereza, zilianza kazi. Zikapewa majina yetu: Simba, Chui, Ndovu. Miaka hiyo hiyo, huku Kisumu, mafundi walikuwa wanaunganisha feri mbili za kubeba mabehewa ya treni, nazo pia zimetoka kwa Yarrow vipande vipande. Zikaitwa Uhuru na Umoja. Ona tulivyokuwa na njaa ya majina. Chuma kilikuwa cha wenyewe, tukakipaka majina yetu.

Lakini kamanda wa kwanza Mkenya wa jeshi hilo, Kimaro, alishika usukani mwaka wa 1972. Fanya hesabu. Kutoka kuanzishwa kwa jeshi hadi kupata boti: miaka miwili. Kutoka kuanzishwa hadi kumpata mkuu wetu wenyewe: minane. Sisemi hivyo kumlaumu mtu. Nasema kwamba boti inaweza kuagizwa kwa barua, lakini baharia hakuna duka linalomuuza. Anapikwa polepole, na moto wake ni miaka.

Na hata boti yenyewe kuagiza si mchezo. KNS Jasiri ilijengwa Uhispania, mkataba wake ukaingia kwenye mzozo, meli ikakaa huko miaka huku sisi tukibishana. Ilifika Mombasa mwaka wa 2012. Wahenga wa pwani walituonya mapema: usisafirie nyota ya mwenzio.

Huku ziwani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, meli ziligawanywa kama sufuria za watu walioachana. Tanzania ikabaki na Victoria, meli ya babu, na pia Umoja. Kenya ikabaki na Uhuru. Mizigo ikahamia barabarani, magugu maji yakaja, na mimi nimekua nikiijua bandari ya Kisumu kama mahali pa kimya. Tulikuwa tunakula samaki Lwang'ni, ngege wa kukaanga na ugali, tukitazama meli zenye kutu. Babu hakupenda kutazama upande huo. Alikuwa anakaa akiipa bandari mgongo.

Sasa nikupeleke kwenye siku iliyonifanya niandike haya.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na binamu yangu tulipanda boti ya injini kuvuka Ghuba ya Winam kwenda matanga Kendu Bay. Tulikuwa watu tisa, jaketi za kuokolea maisha zilikuwa nne. Binamu alikuwa amemaliza shule na ndoto yake ilikuwa moja tu, kuwa mwanamaji. Anajua aina za manowari za nchi zote, simu yake imejaa picha zake. Tukafika katikati ya ghuba, kama saa nane mchana, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kijana wa boti akavuta kamba mpaka mkono ukachubuka. Kimya. Upepo ukaanza kupanda, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na maji yakaanza kuingia.

Mimi nilishika simu. Binamu alishika simu. Mtandao ulikuwa umekatika, lakini hata ungekuwepo, tungempigia nani?

Mle ndani kulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Dunga, amekaa kimya na mfuko wake wa omena. Alisimama, akaomba turubai iliyofunika mizigo. Akachukua kasia refu na mti wa kusukumia boti, akafunga hiki na kile, akatengeneza kitu ambacho usingekiita tanga kama hukuwa unakufa. Akatuambia tusogee upande mmoja, tukasogea. Akamwambia kijana ashike kasia la nyuma kama usukani. Boti ikageuka, mawimbi yakaacha kutupiga ubavuni, na upepo ule ule uliokuwa unatuua ukaanza kutusukuma nchi kavu. Hatukufika Kendu Bay. Tulifika pahali pengine kabisa, jioni, tumelowa, tuko wote tisa.

Nilimwuliza mzee alijuaje. Akanishangaa. "Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani," akasema. "Mchana unarudi. Sasa ni mchana. Ungeenda wapi tena?"

Kila mvuvi wa tanga kwenye ufuo huu anajua hilo. Ndiyo ratiba yao: alfajiri upepo wa nchi kavu unawatoa, alasiri upepo wa ziwa unawarudisha. Binamu yangu, bingwa wa manowari, hakuwa analijua. Wala mimi, mwandishi wa historia.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini nchi zenye meli za kisasa kabisa bado zinawapeleka vijana wao kwenye matanga. Wajerumani wana Gorch Fock, Wahindi wana INS Tarangini. Wamarekani hufundisha maafisa wa Walinzi wa Pwani juu ya Eagle, meli ya mwaka wa 1936. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Oman, jamaa zetu wa kale wa pwani. Mwaka wa 1977 walinunua meli ya matanga iliyojengwa Uskoti, wakaiita Shabab Oman, yaani vijana wa Oman. Ilipozeeka wakaagiza ya pili kwa kampuni ya Damen ya Uholanzi, wakaipokea mwaka wa 2014. Mafuta wanayo, pesa wanayo, injini wanaweza kununua yoyote. Wanajua tu kwamba kwenye tanga hakuna kitufe cha kubonyeza. Ama umeusoma upepo, ama haukusomi. Na kamba haivutwi na mtu mmoja, kwa hivyo unajifunza kusikizana na mwenzako kabla ya siku ya hatari.

Sasa Kisumu imeamka. Uhuru ya zamani ilifufuliwa, na mwaka wa 2019 ikarudi kubeba mafuta kwenda Uganda. Mwaka wa 2020 likaanzishwa shirika la Kenya Shipyards, chini ya Wizara ya Ulinzi, na hapa Kisumu, kwa ushirikiano na Damen hao hao, ikajengwa Uhuru II, meli ya karibu mita 100, yenye uwezo wa kubeba tani 1,800. Mara hii mikono ya kuchomelea chuma ilikuwa ya kwetu. Nilipoiona nilimkumbuka babu, nikatamani angekuwepo aitazame bandari uso kwa uso.

Lakini furaha yangu ina mpaka. Karibu na ile gudi, ufuoni Dunga, matanga yanapungua kila mwaka. Vijana wanataka injini, na siwalaumu. Tanga la magunia yaliyoshonwa halina swagi. Wazee wanaojua ziwa wanaondoka mmoja mmoja, hawana cheti, hawana mwanafunzi. Tukitaka kijana wa Kisumu asomee ubaharia rasmi, tunampeleka Mombasa, zaidi ya kilomita 800, kujifunza maji mengine. Na sisi tuna sehemu ndogo tu ya ziwa hili, kama asilimia 6. Kila siku wavuvi wetu wanaingia kwenye maji ya majirani, wanakamatwa, au wanazama. Migingo mnaijua. Ziwa la namna hii linahitaji watu wanaolijua kuliko linavyohitaji mizinga.

Sidai tununue meli ya milingoti mitatu. Nadai kitu cha bei rahisi zaidi: mzee mmoja wa Dunga, mashua mbili za matanga, na kila kijana anayetaka kufanya kazi kwenye gudi au kwenye boti za doria apitie kwake kwanza miezi mitatu. Mwalimu yupo. Upepo upo, mara mbili kwa siku, bure.

Binamu yangu bado anasubiri kazi ya majini. Ameomba mara mbili, amekosa mara mbili. Siku hizi Jumamosi alfajiri anapanda boda hadi Dunga, anatoka na yule mzee. Wiki iliyopita niliandamana nao. Tulipofika ufuoni, mzee hakugusa tanga. Alimwuliza swali moja tu: "Upepo uko wapi?"

Binamu akanyoosha kidole. Mzee akatikisa kichwa, akaketi juu ya ukingo wa mashua, na sote tukaketi tukamsubiri ajaribu tena.