Kujiuzulu kwa Mwaka 1977 na Vikongwe wa Usukuma

Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, imejulikana tangu mwaka 1940 kwa almasi alizozigundua Dakta John Williamson. Mawe yale yalizungushiwa uzio, yakalindwa na askari usiku na mchana. Nje ya uzio, vijijini, walikaa vikongwe wasio na mlinzi, na habari ninayoieleza ilianza kwao.

Katika miaka ya 1970 mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, mara nyingi wajane. Macho yao mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ingawa yeyote aliyepika miaka arobaini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ajua wekundu ule watoka wapi. Mwaka 1976 maofisa wa polisi na usalama walikamata watu wengi ili kuyakomesha mauaji hayo. Washukiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola.

Januari 1977 walijiuzulu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, na Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, pamoja na wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Mwinyi hakumpiga mtu. Alibeba makosa ya walio chini yake. Jambo hili lilimjengea heshima kubwa, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Hata hivyo, heshima hiyo yataka kutazamwa kwa makini. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya wanaume: maofisa, washukiwa, mawaziri. Kikongwe ametoweka katika masimulizi. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilipozuka Sungusungu katika nchi hiyo hiyo, jeshi la wanaume wenye pinde na mishale waliohukumu pasipo mahakama, viongozi walilisifu, na mwaka 1989 sheria ikalitambua. Liliwatia hofu wezi wa ng'ombe, ni kweli; lakini miongoni mwa walioadhibiwa au kufukuzwa vijijini walikuwamo wanawake waliosingiziwa uchawi. Kwa ajili ya hao hakujiuzulu waziri.

Nadhani mjane wa Usukuma angeyapima mambo haya kwa kipimo kingine. Angeuliza kwanza sheria ilikuwa wapi kabla ya mwaka 1976, jirani yake alipokatwa mapanga. Mauaji ya vikongwe yaliendelea katika mikoa hiyo hata baada ya mwaka 2000.