Kutoka kiwanda cha meli hadi kifuani: mashine inayosubiriwa Maniema

Mwisho wa Oktoba unakuja na kumbukumbu ambayo jimbo letu la Maniema lina haki ya kuidai. Tarehe 29 Oktoba 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walirekodi mwendo wa moyo wa mtu aliye hai bila kumpasua wala kumwingiza mpira kwenye mshipa.

Madaktari walikuwa tayari na stethoskopu, ekisirei na mashine ya umeme wa moyo. Lakini Edler, kama alivyosimulia uzeeni katika historia aliyoiandika na Kjell Lindström, alikuwa na shida moja: kabla ya mgonjwa kupelekwa kwenye upasuaji, alitaka kujua kama valvu yake imebana au inavuja. Akamuuliza Hertz kama rada ingefaa. Hertz akamwambia ajaribu sauti isiyosikika na sikio.

Wakaenda kiwanda cha meli cha Kockums, Malmö, ambako mafundi walitumia mwangwi wa sauti hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Hertz akakiweka kifaa kifuani mwake, na kwenye kioo alama moja ikawa inakwenda na kurudi kwa mapigo ya moyo wake. Waliazima kifaa hicho kwa siku za mapumziko ya wiki. Baadaye Siemens, kampuni ambayo baba yake Hertz aliwahi kuongoza utafiti wake, ikawaazima kilicho bora. Kwa miaka kadhaa waliamini alama ile ni ukuta wa moyo. Kumbe ilikuwa valvu yenyewe aliyokuwa akiitafuta Edler!

Kuanzia 1963 daktari Harvey Feigenbaum wa Indianapolis aliieneza mbinu hiyo ya mwangwi Marekani. Picha kamili zikaja, na kipimo cha asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo: kwa mtu mzima mwenye afya, takriban 55 hadi 70.

Leo mashine inaingia mfukoni. Huko Gulu, Uganda, wauguzi walifundishwa kuitumia kupima mioyo ya watoto wa shule. Mama wa Tunda, hapa Maniema, anayevimba miguu na kukosa pumzi baada ya kujifungua anahitaji kipimo hicho hicho, na inaniuma kusikia kikizungumzwa kama anasa ya miji mikubwa. Bajeti ya afya ya jimbo iitaje Tunda kwa jina: mashine, umeme wa jua wa kuichaji, na mafunzo ya wauguzi wake.