Daftari la Waonjaji wa Mogitu

Muonja asali haonji mara moja, wahenga walisema. Babu na bibi yangu walionja asali, wakarudia, kisha wakaonja kila kitu kilichopita njia ya Mogitu, na kila walichoonja wakakiandika. Daftari lao ninalo hapa mezani ninapoandika makala hii. Ni daftari la shule, jalada lilishabanduka siku nyingi, na kurasa za mwisho zimeliwa na mende kidogo. Wenyewe nao si walikuwa wanaonja!

Ndugu msomaji, mimi na wewe tulifundishwa historia ya tarehe za vita na majina ya magavana. Tukaikariri, tukafanya mtihani, tukaisahau. Historia ya kwetu niliyoielewa ni hii ya daftari, maana ina jasho na ina harufu ya moshi. Naomba tuifungue pamoja.

Mogitu iko Hanang, chini ya mlima wenye jina hilohilo, mlima wa zaidi ya mita 3,400. Zamani tulikuwa mkoa wa Arusha, tukawa Manyara mwaka 2002. Ukitoka Katesh unafika mara moja, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Basotu na Haydom. Kwa hiyo ni mahali pa kupita. Wengine hupita na ng'ombe, wengine na magunia, wengine na maneno tu. Babu yangu alikuwa Mwiraqw. Bibi ni Mbarbaig, hao ambao watu wa mjini huwaita Wamang'ati bila kujua kwamba jina hilo walipewa na Wamasai na maana yake ni adui. Walioana mwaka 1969. Siku hizi mtu akioa kabila jingine hakuna anayeshtuka, lakini enzi hizo wazee wa pande zote mbili waliguna. Swali lao la kwanza halikuwa dini wala mahari. Walisema, "Huyo atakula nini kwetu?"

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Wairaqw ni wakulima. Asili yao ni milima ya Irqwar Da'aw huko Mbulu, walikojibana na kulima kila kipande cha ardhi, na ni katika karne ya 20 ndipo walipotawanyika kwa wingi kuja huku tambarare. Walikuja na mtama wao, maboga na kunde. Wabarbaig ni wafugaji, tawi la Wadatoga, ambao kabla ya Wamasai walikuwa mpaka Ngorongoro. Kwao chakula ni maziwa, samli na nyama. Nafaka walibadilishana na majirani, ng'ombe huku na debe kule. Basi pande hizo mbili zilikuwa zinalishana tangu zamani, ila kila upande ulikula kwake.

Babu ndiye aliyeleta wazo la daftari, maana alikuwa amesoma mpaka darasa la nne na alipenda kuonyesha mwandiko. Wakaweka kanuni mbili. Ya kwanza, chochote kipya kikija wanaonja wote wawili, na hakuna kutema. Ya pili, lazima waulize kimetoka wapi na kimeletwa na nani, wakiandike hivyo. Kanuni ya pili aliitaka bibi. Bibi hajui kusoma, lakini hiyo ndiyo kanuni iliyolifanya daftari hili kuwa kitabu cha historia.

Ukurasa wa kwanza una mistari miwili. Mmoja ni wa pombe ya mtama, buura kwa Kiiraqw, ambayo bibi aliionja ukweni. Zamani pombe hiyo haikuwa ya kulewea tu kama tunavyofanya vijiweni. Wazee wakikusanyika na chungu katikati, mmoja husimama akatoa slufay, ile sala ndefu ya kuombea mvua, watoto, mifugo na majirani, na wengine humwitikia. Ndiyo maana watu wa makamo hukasirika wakiona pombe inauzwa kwa kopo. Mwanazuoni mmoja kutoka Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1996, jinsi pesa, maziwa na pombe ya mtama vilivyokutana kwa Wairaqw na heshima ya vitu hivyo ikayumba.

Mstari wa pili ni wa gisuda, pombe ya asali ya Wadatoga. Asali huchanganywa na maji, ikatiwa mizizi, ikawekwa karibu na moto mpaka ichachuke. Ni kinywaji cha wazee na cha shughuli kubwa, hasa bung'eda, yale mazishi ya heshima ambapo mzee hujengewa kaburi kama kichuguu kikubwa na ukoo wote ukakusanyika. Babu alikuwa kijana, hakustahili kunywa. Baba mkwe akamwachia funda moja tu. Babu ameandika, "Tamu, halafu kali. Funda 1. Kwa baba mkwe." Alisema alirudi nyumbani akitembea kama mzee.

Kurasa zinazofuata ni za majirani. Chumvi ya Ziwa Balangida, hapo chini ya mlima. Ubuyu na asali ya porini kutoka Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe, ambao huongozwa na ndege mpaka kwenye nyuki. Samaki wa Ziwa Basotu. Hapo pana kisa. Upande wetu wazee wengi walikuwa hawali samaki, wafugaji kwa wakulima, eti ni nyoka wa majini. Babu alipoletewa kipande alitoka jasho. Bibi akatafuna wa kwanza, akamtazama usoni, akasema, "Mzee, kanuni ni yako." Babu akafumba macho, akameza. Ameandika neno moja tu, "Nimeweza."

Halafu ikaja njaa. Mwaka 1974 na 1975 mvua zilikataa, na hapohapo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Nchi ikaagiza nafaka kutoka nje, ukaja unga wa mahindi ya njano. Watu wakaubatiza Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Ukienda kijijini leo ukataja ugali wa Yanga, wazee watacheka, kisha watanyamaza. Daftari linasema, "Unga wa njano. Umetoka Marekani. Umeletwa na serikali. Tumekula wote, hata mbwa."

Hebu tusimame hapo kidogo, maana mahindi yana siri. Siku hizi Mtanzania asipokula ugali wa sembe anasema hajala. Tunaita chakula chetu cha asili. La hasha! Mahindi asili yake ni Meksiko, yakaletwa pwani yetu na meli za Wareno katika karne ya 16 na kuendelea. Maharage, maboga mengi na viazi vitamu navyo nasaba yao ni bara la Amerika. Mtama na ulezi ndio wenyeji wa Afrika, na leo tunawapa kuku. Mahindi yaliingia mashambani mwetu kama mgeni, yakapewa kiti, yakazoeleka, yakawa baba mwenye nyumba. Hakuna aliyeyauliza hati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daftari limejaa vitu vilivyokosekana. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, mifuko ya nchi mitupu, maduka hayana kitu. "Chai bila sukari." "Chai na asali." "Leo sukari robo, foleni tangu alfajiri." Baadaye mambo yalipolegezwa ukaja wali wa Magugu siku ya Krismasi, soda ya kugawana watu wanne, na lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikaja chipsi mayai za Katesh. Bibi aliuliza kwa nini mtu aharibu yai namna ile. Babu alionja hata kiroba, ile pombe kali ya mfuko wa nailoni. Ameandika, "Hii siyo pombe, hii ni hasira." Serikali ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017 alijiona nabii.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Katika daftari lote hilo, lenye mpaka kiroba, kuna mstari mmoja ulioandikwa "Mkate" na mbele yake hakuna kitu. Hakuna tarehe wala aliyeleta. Utotoni nilidhani babu alisahau. Siku moja nikamwuliza bibi. Akasema, "Hakusahau. Mimi sikuonja. Na kanuni ni wote wawili."

Mkate hutokana na ngano, na ngano ya Hanang ina habari ndefu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, ndilo lililokabidhiwa kazi. Miaka ya 1980 mashamba yalikuwa saba, kila moja karibu ekari 10,000, yenye matrekta ambayo mtoto wa Mogitu angeweza kuyahesabu kutwa. Nia ilikuwa nzuri, nchi ijitosheleze kwa mkate. Lakini tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, wakihama nazo kwa majira, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya bung'eda. Wabarbaig walilalamika kwamba njia za mifugo zilifungwa na makaburi yakalimwa.

Mwaka 1981 watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu Arusha kuishitaki NAFCO. Watu ambao mjini huonekana wa mikuki na ngozi walichukua sheria mkononi kwa maana nzuri, yaani waliishika na kuisoma. Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji, kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliyoachwa na Mwingereza.

Soma tena, ndugu msomaji. Mbarbaig, ambaye mababu zake wamelala chini ya udongo ule, alitakiwa athibitishe kwamba ni mwenyeji. Ngano, iliyotoka nje juzi, haikutakiwa kuthibitisha kitu.

Bibi hakuzaliwa Basotu. Ukoo wake haukunyang'anywa hata hatua moja. Nilimwambia hivyo kwa ujuaji wangu wa kidato cha pili. Akanijibu, "Mtu akikanyaga kaburi la jirani, wewe mguu wako hausikii?" Sikuwa na la kusema. Tangu miaka hiyo alikuwa haonji mkate, andazi wala chapati. Hakuandamana, hakutukana mtu. Alikuwa anasogeza sahani pembeni tu, na wageni wakadhani ana vidonda vya tumbo.

Lakini habari haiishii hapo, na nisiposema litakalofuata nitakuwa mwongo. Nikiwa darasa la saba, mwaka 2014, jirani yetu alileta chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Bibi akauliza kama kawaida yake, "Imetoka wapi?" Jirani akasema ngano ni ya kwake, ekari moja nyuma ya nyumba, amelima kwa mkono wake na kusagisha mwenyewe. Bibi akakaa kimya kwa muda. Akakata nusu, akala. Nusu akampa babu. Mkono wa babu ulikuwa umeanza kutetemeka, hivyo nikaandika mimi, "Ngano. Kutoka shambani kwa jirani. Imeletwa na jirani." Bibi akasema, "Ngano haina kosa. Kosa ni la aliyeileta bila kubisha hodi."

Babu alifariki mwaka 2018. NAFCO nayo haipo tena. Mstari wa mkate bado uko wazi, maana sasa hauwezi kujazwa na wawili. Nilipomaliza kidato cha nne nilifikiri nitaujaza mimi, niandike kwa ufupi mkate ulikotoka. Nikakuta mstari mmoja hautoshi. Ndiyo ikawa makala hii.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, wengi tunahangaika kutafuta visa vya mapenzi ya Nairobi na ujambazi wa Dar. Vizuri, viandikeni. Ila leo jioni, kabla hujanawa mikono, tazama sahani yako na umwulize mkubwa aliyeko hapo nyumbani, hiki kimetoka wapi, na nani alikileta? Ukijibiwa, tafuta daftari. Ukiona amenyamaza, subiri naye, usiharakishe. Mimi nilisubiri miaka kabla bibi hajaniambia kwa nini alikuwa anasogeza sahani.