Isukuti katika Mitaa ya Eastlands

Habari za chama chetu hazitimii pasipo kuitaja isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zihesabiwazo kuwa baba, mama na mtoto, pamoja na pembe ya swala. Huko nyumbani huchezwa mtoto azaliwapo, arusini, na hata matangani.

Mtaa wa Kaloleni ulipojengwa katika miaka ya 1940, wazee wetu wengi walikuwa wameacha jamaa zao mashambani. Afapo mtu, vyama vya ustawi vilichanga fedha ili maiti ipelekwe kuzikwa kwao. Kwetu sisi ngoma na mchango havijaachana: asiyefika mkutanoni hufika penye isukuti, na hapo ndipo mweka hazina hufungua daftari lake. Hatuoni haya kukiri hivyo.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti katika orodha ya urithi uhitajio kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wapigaji wengi ni wazee na warithi ni haba. Chamani mwetu ngoma kubwa haikosi mpigaji; ndogo ndiyo iliyolala. Twawaomba wazazi watuletee vijana wao Jumapili alasiri.