Nani Aliyekaa Kando ya Mlalamikaji: Mashauri ya Ulemavu Karagwe na Kyerwa

Hofu ya mtu mwenye ulemavu anayesubiri kusikilizwa, kwa watu wa Kamuli na kata jirani za wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ni ya zamani kuliko sheria yoyote ya fidia. Imepanda na kushuka kadiri taratibu zilivyomruhusu au kumnyima mlalamikaji mtu wa kukaa kando yake.

Wakati wa utawala wa Omukama, mfalme wa Karagwe, shauri lilianzia kwa wazee wa ukoo, likapita kwa wakungu, yaani machifu wa mfalme, na zito likafika ikulu ya Bweranyange. Aliyevunjika mguu au kupofuka alitunzwa na ukoo wake, na akiwa na madai, alikwenda na ndugu zake. Sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliacha ngazi za chini mikononi mwa watawala wa jadi, lakini ikapeleka rufaa kwa maofisa wa serikali ya kikoloni, hadi kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa. Mkulima alijieleza mwenyewe mbele ya ofisa asiyejua lugha yake, maneno yake yakipita kwanza kwa mkalimani.

Migodi ya bati ya Kyerwa ilileta aina mpya ya shauri. Kibarua aliyeumia shimoni sasa alikuwa na mwajiri wa kumdai, daktari wa kumpima na karatasi ya kuthibitisha. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 1949 ilitambua madai hayo, ila viwango vyake vilibaki nyuma ya maisha. Hadi ilipofutwa, fidia ya juu ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Kwa familia iliyopoteza nguvu kazi yake, hilo lilikuwa tusi.

Baada ya uhuru, mahakama za wenyeji zikawa mahakama za mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inairuhusu mahakama ya mwanzo kumkubali ndugu au mtu wa nyumbani amwakilishe mhusika akiombwa naye. Ni kifungu kifupi chenye utu mwingi: anayeshindwa kusema kwa woga au maumivu anasemewa na anayemjua.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliofungua shughuli zake mwaka 2015. Hapa wasiwasi ulihamia kwenye asilimia. Majeruhi akishapona kwa kiasi kinachowezekana, daktari hupima ulemavu uliobaki. Usipozidi asilimia 30 hulipwa mara moja; ukizidi, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Tofauti ya pointi moja inaweza kuamua maisha ya mtu. Asiyeridhika huomba uamuzi upitiwe upya, kisha hukata rufaa kwa Waziri, na hatimaye Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kyerwa ina maana ya safari ya Bukoba.

Usiku wa kuamkia shauri usingizi hukatika, tumbo huvurugika, na mtu hujikuta akirudia maneno yaleyale kichwani. Wengi huogopa kuonekana waongo; wengine, kwa kulinda heshima, huficha maumivu na kujidhuru kwa kujikaza. Linalosaidia ni kuandika mapema siku ya kawaida inavyokwenda: nani anateka maji, nani anamfungia viatu, mkono unachoka baada ya kazi gani. Vyeti vya hospitali hupangwa kwa tarehe. Mtu mmoja hukabidhiwa kazi ya kusindikiza na kukumbusha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wanaoweza kumweleza mhusika atakachoulizwa. Kujua utaratibu hupunguza hofu kuliko kuambiwa tu atulie. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, na kikwazo kilichokuwepo tangu enzi ya mkalimani kikapungua.

Hata hivyo wengi wa Kamuli ni wakulima wa migomba na kahawa, si waajiriwa, na mfuko wa WCF hauwafikii. Kwao msaada wa serikali huja zaidi kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambapo kaya maskini hutambuliwa kwanza na wanakijiji wenyewe. Hapo msikilizaji ni jirani. Mwenye ulemavu hueleza umaskini wake mbele ya watu atakaokutana nao kesho kisimani, na wapo wanaonyamaza kwa aibu wakakosa haki. Malalamiko huanzia kijijini na huweza kufikishwa kwa mratibu wa halmashauri, na anayeona haya kusimama mkutanoni anaweza kuyaandika au kumtuma mtu anayemwamini.