Kuonyesha mahali ulipo kwa simu: Faida na tahadhari zake

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA anayepanda bodaboda usiku anaweza kumwezesha ndugu yake aliye nyumbani kuifuata safari yake kwenye ramani, mtaa hadi mtaa, mpaka anapofika. Wakazi wa mijini huita huduma hiyo kutuma lokesheni mubashara.

Huduma hiyo ni tofauti na kutuma lokesheni ya kawaida, ambayo huonyesha sehemu moja tu na haibadiliki hata mtumaji akiondoka.

Simu hutambua ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti, zikiwamo za mfumo wa GPS wa Marekani, ambazo huzunguka umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Kwa kawaida huhitaji mawimbi ya satelaiti nne au zaidi. Penye maghorofa, husaidiwa na minara ya simu na mitambo ya Wi-Fi.

Satelaiti hizo hazimfahamu mwenye simu. Ni simu yenyewe inayokokotoa mahali ilipo, kisha kupeleka taarifa kwa njia ya intaneti. Kwa sababu hiyo, bando likiisha au mtandao ukikatika, anayefuatilia hubaki akiona mahali pa zamani. Ni vyema atazame pia muda wa taarifa ya mwisho.

Kampuni ya Google ilianzisha huduma ya aina hiyo, Latitude, Februari 2009 na kuifunga Agosti 2013. Mwaka 2017 iliirejesha kupitia Google Maps, na Oktoba mwaka huo WhatsApp nayo ikaanzisha yake.

Kwenye WhatsApp, mtumiaji hufungua mazungumzo, hubonyeza alama ya kuambatisha, huchagua mahali alipo, kisha muda: dakika 15, saa moja au saa nane. Anaweza kusitisha wakati wowote.

Hata hivyo, huduma hiyo ina hatari zake. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na programu ya Strava ilionyesha njia walizokimbia askari ndani ya kambi za kijeshi, zikiwamo za Syria na Afghanistan.

Majumbani, hatari hutoka kwa watu wa karibu. Google Maps huruhusu lokesheni ionekane bila kikomo cha muda, hivyo mume, mke au mchumba aliyeishika simu ya mwenzake kwa dakika chache anaweza kuwasha huduma hiyo kwa siri.

Kwa hiyo, mtumiaji anashauriwa kukagua mara kwa mara orodha ya wanaomwona, kuchagua muda mfupi unaotosha safari na kutotuma lokesheni kwenye kundi lenye watu asiowafahamu. Aidha, anayehofia usalama wake akumbuke kwamba anayemfuatilia anaweza kugundua pale huduma inapozimwa. Ni busara kwanza kumjulisha mtu anayemwamini.